Kugeuza kabati la zamani la vyombo kuwa kabati la kukuzia mimea ndani ya nyumba

Kabati la vyombo lenye milango ya vioo, lile la kupangia sahani za wageni, lina karibu kila kitu ambacho mmea wa kivuli unakitaka: kuta tatu, kioo mbele, na rafu. Linachokosa ni mwanga, hewa inayotembea, na mbao zisizonyonya maji. Ukilipa hivyo vitatu unaweza kukuza humo saintpaulia (mmea mdogo wa maua, kwa Kiingereza African violet), begonia za majani, fitonia, anthurium ndogo na majani ya jamii ya kangaga, hata kama chumba chenyewe hakina dirisha la maana.

Wengi wanaojaribu huanza kwa kufikiria maji. Wananunua chupa ya kunyunyizia, wanafunga milango, wanasubiri. Baada ya wiki 3 kioo kimejaa ukungu, majani yameoza katikati na ubao wa nyuma umevimba. Maji hayakuwa machache. Hewa ilisimama. Kwa hiyo katika maelezo haya hewa itarudi mara nyingi, na ukibanwa na fedha, punguza kwingine kote lakini usipunguze hapo.

Mfano tunaoutumia ni saintpaulia, kwa sababu ni mmea wa huku kwetu na unasema wazi unachokitaka. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliuokota mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akauandika kitaalamu. Leo umejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, lakini kwao ni Milima ya Usambara na misitu mingine ya Tanzania na Kenya, kwenye miamba yenye kuvumwani na kivuli, juu ya udongo mwembamba usiotuamisha maji. Kabati lako linaiga mwamba huo: mwanga wa wastani, hewa yenye unyevu lakini inayopita, mizizi isiyokaa majini. Usiende kuung'oa porini; aina kadhaa zimebaki katika maeneo madogo sana. Jani moja la mmea wa jirani linatosha kuanzia.

Kabati lipi linafaa

Vipimo vinavyorahisisha kazi ni upana wa sentimita 80, kina cha 35 hadi 40, na sehemu ya vioo yenye urefu wa sentimita 120. Urefu huo unatoa ngazi 3 za sentimita 40. Makabati ya zamani ya kuwekea TV za kichogo nayo ni mazuri sana: yana kina kikubwa, na ile nafasi ya TV inapokea mmea mrefu usioingia kwenye rafu za kawaida.

Mninga, mkongo au mvule ni bahati. Chipbodi inawezekana, lakini ichunguze kwanza. Weka kijiko cha maji kwenye ukingo wake usioonekana, subiri saa 1, kisha pitisha kidole. Ukihisi imeinuka, ujue kingo zote zitahitaji kuzibwa kwa uangalifu, na tundu lolote utakalotoboa litakuwa mlango wa maji. Chipbodi ambayo tayari imevimba miguuni iache, haitengenezeki.

Angalia pia unga mwembamba chini ya kabati na vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini. Huo ni bungua. Kabati lenye bungua hai litibiwe na kukaa nje wiki kadhaa kabla ya kuingia ndani, kwa sababu dawa ya mbao na mimea havikai pamoja.

Kuvua, kukausha, kuziba

Toa rafu, milango na ubao wa nyuma. Ubao wa nyuma wa makabati mengi ni hadibodi ya milimita 3, na ndiyo inayokufa kwanza. Usihangaike kuipaka rangi. Badilisha uweke PVC za dari, zile nyeupe za kuunganisha. Hainyonyi maji, ni nyepesi, inakatika kwa kisu kikali, na weupe wake unarudisha mwanga kwenye mimea.

Mbao za ndani zipige msasa namba 120 mpaka vanishi ya zamani itoke, halafu namba 220. Kama kabati lilipakwa rangi ya mafuta miaka mingi iliyopita, huenda rangi hiyo ina madini ya risasi: lowesha kabla ya kusugua, vaa barakoa, fanyia nje, na watoto wakae mbali. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke siku nzima.

Paka vanishi ya poliyurethini mikono 3. Kati ya mkono na mkono acha saa 24, kisha gusa kidogo kwa msasa namba 220 ili mkono unaofuata ushike. Mahali pa kupaka kwa wingi ni kingo, ncha za mbao na ndani ya matundu ya skrubu, maana maji huingia kwa kufuata nyuzi za mbao, si kwenye uso uliolainishwa. Pembe zote za chini ziba kwa silikoni. Silikoni ya kawaida hunuka kama siki inapokauka. Harufu ikiisha ndipo imeiva. Kabati zima liache milango wazi siku 10 hadi 14 kabla ya kuingiza mmea. Hapa ndipo haraka inapoharibu: mvuke wa vanishi mbichi kwenye kabati lililofungwa hudhuru majani machanga.

Skrubu za chuma cha kawaida zitashika kutu ndani ya miezi michache. Tumia za shaba au zisizoshika kutu. Bawaba nazo zipake mafuta ya mashine.

Rafu za mbao usizirudishe. Zinazuia hewa kupanda, na mmea wa chini unabaki kwenye hewa nzito. Rafu za waya za jokofu lililokufa zinafanya kazi hii vizuri kuliko kitu chochote cha dukani, kwa kuwa tayari zimevalishwa plastiki. Zikipungua upana, weka upau wa mbao katikati uzibebe mbili kwa pamoja. Kioo cha milimita 6 kilichosagwa kingo kinafaa pia, ila kikate kiwe kifupi kwa sentimita 4 kuelekea nyuma ili hewa ipate njia.

Kabla hujaweka chochote, funga kabati ukutani kwa pembe mbili za chuma juu. Milango ya vioo ikifunguka yote na mtoto akashika rafu, kabati linakuja mbele.

Mwanga

Tyubu za LED za sentimita 60 zenye wati 9 ndizo rahisi kupatikana. Chagua zilizo na kishikio chake zenyewe, si za kuingiza kwenye fremu ya tyubu za zamani. Rangi iwe kati ya kelvini 4000 na 6500. Zile taa za zambarau zinazouzwa kuwa ni za mimea hazina ulazima; zinakuza, lakini huwezi kuona jani linaloanza kuugua.

Tyubu moja ya wati 9 hutoa takriban lumeni 900. Rafu ya sentimita 80 kwa 35 ni robo tu ya mita ya mraba na kidogo. Tyubu 3 juu yake, ukiondoa mwanga unaopotea kwenye kioo na pembeni, zinafikisha kama lux 6,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika kwenye uso wa kitu) kwenye majani, na hapo saintpaulia inachanua. Kwa kangaga na fitonia tyubu 2 zinatosha. Ziachane sentimita 10 hadi 12, na kati ya taa na majani kuwe na sentimita 20 hadi 25. Programu ya kupima lux kwenye simu haina usahihi wa maabara, lakini inakuonyesha tofauti ya katikati ya rafu na pembeni, na hilo ndilo unalotaka kujua: mimea inayopenda kivuli isogee kwenye pembe.

Hesabu ya umeme: ngazi 2 zenye tyubu 3 na ngazi 1 yenye 2 ni tyubu 8, yaani wati 72. Kwa saa 12 ni yuniti 0.86 kwa siku, na pamoja na feni utakuwa karibu yuniti 28 kwa mwezi. Kwa aliye Tanzania kwenye daraja la D1, lile la bei nafuu la watumiaji wadogo wa majumbani, lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, hizo ni zaidi ya theluthi ya mgawo wake. Pima kwanza matumizi yako mengine. Ukivuka kikomo, utalipa bei ya juu zaidi. Kuanza na ngazi moja si aibu.

Waya zote zitoke kupitia tundu moja la nyuma, na adapta na viungio vyote vikae nje ya kabati. Kabla waya haujafika kwenye soketi, uache uning'inie chini ya soketi kisha upande, ili tone linalotembea juu yake lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Plagi ya pini tatu iwe na fyuzi ya ampea 3, si ile ya 13 inayokuja nayo. Kama nyumba haina swichi ya kinga ya miliampea 30 (RCD, inayokata umeme unapovuja), mwite fundi umeme aiweke kwenye mzunguko huo. Maji, chuma na volti 230 viko kwenye sanduku moja hapa.

Taima huwachanganya wengi kwa jambo dogo. Inahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia macheo. Ukitaka taa ziwake saa 12 asubuhi, taima iandike 6:00, na zizime saa 12 jioni, iandike 18:00. Jambo la pili: taima ya kuzunguka husimama umeme unapokatika. Umeme ukienda kwa saa 4, mimea yako nayo imechelewa saa 4, na baada ya mwezi wa mgao taa zinawaka usiku bila wewe kujua. Ya dijitali yenye betri ndogo ndani haina tatizo hilo.

Saa 12 za mwanga zinatosha. Usizidishe 14, maana saintpaulia inahitaji giza lisilopungua saa 8 ili itoe maua.

Hewa

Toboa matundu mawili ya milimita 50 kwenye ubao wa nyuma: moja kushoto, sentimita 5 kutoka chini, jingine kulia, juu kabisa. Hewa ya moto ya taa itapanda na kutoka juu, na ya nje itaingia chini. Ziba yote mawili kwa wavu wa mbu, la sivyo mende watahamia, kwa kuwa kuna joto na maji.

Kisha weka feni ndogo za kompyuta za milimita 80. Nunua za volti 5 zinazotumia chaja ya simu. Za volti 12 ukiziunganisha kwenye chaja hiyo huenda zisianze kuzunguka. Moja ikae ngazi ya chini, moja ya juu, zikielekea ukutani na si kwenye majani. Ziende saa 24. Nguvu yake ipime hivi: ning'iniza uzi wa kushonea katikati ya rafu. Uzi ukisimama wima kabisa, hewa haipiti. Ukilala, ni nyingi mno na itakausha kingo za majani. Utakavyo ni uzi unaotikisika kidogo bila kukoma.

Unyevu, na habari ya mbu

Saintpaulia inaridhika na unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 60. Fitonia inataka zaidi, kama 70. Kipima unyevu cha dijitali ni cha lazima, ila vya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kijaribu kabla ya kukiamini. Chukua kizibo cha chupa ya soda, kijaze chumvi ya mezani, dondoshea matone machache ya maji mpaka chumvi iwe kama mchanga uliolowa, isielee. Weka kizibo na kipimo pamoja ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana, acha saa 12 mahali pasipobadilika joto. Hewa ya ndani ya kopo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, utakuwa unaongeza 7 kila unapokisoma.

Maelezo mengi ya nchi za baridi yatakwambia uweke sinia la kokoto na maji chini ya kabati. Kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar tunakushauri usiweke kabisa. Hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha, na maji yaliyotuama ndani ya nyumba yenye joto hutoa mbu wazima ndani ya siku 7 hadi 10, wakiwemo wanaoeneza dengue. Kwa Nairobi, Arusha, Iringa au Dodoma wakati wa kiangazi sinia linasaidia, ila kokoto zizidi maji kwa sentimita 1, sinia lifunikwe kwa wavu, na maji yamwagwe na sinia lisuguliwe kila baada ya siku 5. Kusugua ni muhimu, kwa sababu mayai ya mbu wa dengue hugandamana na ukuta wa chombo na kuvumilia ukavu.

Kwa pwani tatizo ni joto. Saintpaulia inapenda nyuzi 18 hadi 26. Ikipita 30 inaangusha vitumba. Januari ya Dar, ukiongeza wati 72 kwenye sanduku la kioo wakati wa mchana, unaipika. Washa taa usiku, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, na mchana acha milango wazi kidogo huku kabati limefunikwa na kitenge kizito ili mimea ipate giza lake. Nairobi mwezi Julai fanya vivyo hivyo kwa sababu tofauti: baridi ni ya usiku, na taa ndizo hita yako. Huko lakini milango ifungwe.

Udongo na kumwagilia

Udongo wa shambani ni mzito mno kwa kabati. Changanya vumbi la makumbi ya nazi sehemu 2, perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) au changarawe nyepesi ya volkano sehemu 1, na mboji iliyoiva na kuchekechwa sehemu 1. Makumbi yaliyolowekwa baharini yana chumvi: yaloweke kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi, kamua, mwaga, rudia mara 3. Usipoosha utaona ncha za majani zikiungua ndani ya mwezi, na utadhani ni taa.

Vyungu vya sentimita 10 vinatosha. Saintpaulia iliyokomaa hutanda duara la sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo rafu moja inabeba mimea 5 au 6, si 12. Majani yakigusana, hewa haipiti kati yake.

Mwagilia kwa chini. Weka chungu kwenye bakuli la maji dakika 20 hadi 30, kitoe, kichuruzike, kirudishe. Subiri mpaka uso wa udongo ukauke ndipo urudie. Maji yawe na joto la chumba. Maji baridi yakidondokea jani huacha alama za duara jeupe ambazo hazifutiki. Mbolea ya NPK 20-20-20 changanya gramu 1 kwa lita 4, tumia kila umwagiliapo, isipokuwa mara moja kwa mwezi ambapo unamimina maji matupu kwa juu ya udongo ili kusafisha chumvi.

Mmea mpya ukae chumba kingine wiki 3 kabla ya kuingia. Kabati lililojaa joto na utulivu ni pepo kwa vidung'ata, na mmoja tu anatosha. Ukiwaona kama vipande vya pamba kwenye maungio ya majani, wafute kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, rudia kila siku 5 mara 4.

Kusoma dalili

Shina la jani likirefuka na jani kuelekea juu, mwanga ni mdogo: inua chungu kwa sentimita 5. Majani ya katikati yakijikunja, kubanana na kupauka, mwanga umezidi, sogeza pembeni au punguza saa 2. Katikati ya mmea ikilegea na kuwa kahawia ilhali udongo umelowa, ni uozo. Usiumwagilie tena kwa kuuonea huruma, kata jani zima lililobaki uanze upya. Kundi la visubi juu ya udongo ni dalili kwamba uso haukauki kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine.

Kioo chenye mvuke asubuhi si tatizo kama kinakauka ndani ya saa 2. Kikiwa bado kimelowa mchana, fungua mlango upana wa vidole viwili na angalia kama feni zinazunguka. Ukungu mweupe kwenye mbao ufute kwa siki, acha saa 1, kausha, kisha tafuta palipopasuka vanishi, haukosekani hapo.

Jani la kuotesha likate likiwa na kikonyo cha sentimita 3, ncha uikate mshazari, ulichomeke kwenye perlaiti yenye unyevu, ufunike kwa bilauri ya kioo. Liweke kwenye pembe ya rafu ya chini. Mizizi huchukua wiki 3 hadi 4, na vichipukizi vyenye majani ya ukubwa wa kucha hutokea kwenye kikonyo baada ya wiki 8 hadi 10. Vitenganishe kila kimoja kikiwa na majani 4, na bilauri uiondoe kidogo kidogo kwa siku 5, si mara moja.